Radhi ya Mlangoni

Ijumaa, tarehe 12 Februari mwaka 1960, jua likiwa halijapanda, mume wangu alikufa nyumbani kwetu Likoni. Aliugua siku tano, kifua kikimbana. Alikuwa mpishi wa shughuli. Alipika harusi, hitima na maulidi, akiitwa kutoka Likoni mpaka Changamwe. Siku ile masufuria yake makubwa yalikuwa uani, yamepinduliwa, na kuku wetu mmoja alikuwa juu ya sufuria kubwa kuliko yote, hataki kushuka.

Wanawake walioingia kunipa mkono waliniambia, "Bahati yake, amekufa Ijumaa." Kila mmoja nilimjibu, "Alhamdulillahi." Moyoni nilitaka watoke wote, niende nikamfukuze yule kuku.

Maiti alioshwa, akakafiniwa, akalazwa jenezani. Kwetu jeneza halikuondoka mpaka mke amwie radhi mumewe. Mjane husimama nyuma ya pazia la mlango wa ndani, na mwanamume mmoja wa ukoo humwuliza mara tatu, watu wakisikiliza. Wifi yangu, dada wa marehemu, alinishika mkono wa kushoto. Somo yangu, bibi aliyenifunda nilipoolewa, alinishika wa kulia. Sauti ya ami yake marehemu ikaja kutoka upande wa pili wa pazia.

"Mumeo huyu, umemwia radhi?"

"Nimemwia radhi, duniani na akhera."

Mara tatu aliuliza, na mara tatu nilijibu. Sauti yangu haikutetemeka. Wanaume wakasema, "Mwenyezi Mungu apokee," wakabeba jeneza wakaenda. Nilisikia tahalili yao ikizunguka msikiti mpaka makaburini.

Nilikuwa nimesema uwongo. Nilisema kwa kuwa jeneza lilikuwa mlangoni, jua linapanda, sala ya Ijumaa inakaribia, na watu wote wametega masikio. Sikuwa nimemsamehe hata kidogo.

Tulipata mtoto mmoja tu, binti. Alipokuwa na miaka mitatu tulikwenda Kisauni kwa wifi yangu, kwenye maulidi. Wifi alikuwa na miaka tisa katika ndoa na hakuwa amepata mtoto. Mumewe alikuwa mtu mpole mwenye duka la chumvi, mafuta ya taa na vitu kama hivyo. Siku hiyo mume wangu ndiye aliyepika. Watu walipokwisha kula, wakinyunyiziwa marashi, alimchukua mtoto wetu akamkalisha mapajani mwa dada yake, akasema mbele ya wote, "Dada, huyu ni wako. Mlee." Watu wakasoma Fatiha. Mimi nilikuwa uani nikikwangua ukoko. Niliisikia Fatiha, nikaitikia "Amin" bila kujua ilikuwa ya nini.

Jambo la namna hii kwetu si geni. Ndugu humpa ndugu mtoto, na wako wasemao kwamba aliyepewa hufunguka tumbo naye akapata wake. Hakuna aliyeliita ubaya, kwa hiyo sikuwa na mtu wa kumlalamikia. Mama yangu mzazi aliniambia, "Amekwenda kwa shangazi yake, hakwenda kwa jini." Mtoto mwingine hakuja, kwa wifi wala kwangu.

Mume wangu hakuniuliza kabla, wala hakunieleza baadaye. Ijumaa ya kwanza alirudi na nyama ya mbuzi, ile laini ya mgongoni, akanipikia mwenyewe. Nikala. Ijumaa ya pili akapika tena. Miaka mitano alinipikia kila Ijumaa ambayo hakuwa na shughuli ya watu, nami miaka mitano nilikula na kuosha sahani, na hatukulisema.

Mtoto aliletwa Idi kwa Idi. Aliniita Mama wa Likoni. Mama tu lilikuwa jina la wifi.

Basi nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila wanja, bila udi, bila mafuta ya kunukia, kioo kimegeuziwa ukutani. Kutoka nje hakuna. Sheria yenyewe, nimekuja kujua baadaye, ina nafasi ya mtu kutoka mchana kwa haja yake, lakini wazee wetu walikuwa wakali kuliko sheria. Mimi tangu utotoni sikuweza kukaa. Chuoni, tukisoma Kurani, mwalimu alinifunga mguu na pembe ya jamvi, nikaliburura jamvi. Sasa nilikuwa nikienda kutoka chumbani mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka uani, nagusa ukuta narudi. Nilifagia palipofagiwa. Nilifua vitambaa visivyokuwa na taka. Barazani kwetu wanaume walikuwa wakija jioni, wakibishana habari za Mwambao kujitenga na bara, na za Uhuru, nani ataondoka na nani atabaki. Nilisikiliza nyuma ya dirisha, si kwa kuwa nilijali, bali nilitamani sauti ziwe nyingi nisisikie ya kwangu.

Hata chakula cha hitima yake kilisemwa. Nilimsikia jirani mmoja akimwambia mwenzake, "Wali huu marehemu angeuona angeufukia."

"Nyamaza, yakhe, utasikiwa."

"Nisikiwe! Mwenyewe angekubali."

Nilicheka nyuma ya dirisha. Halafu nikakasirika kwamba nimecheka, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu kwa muda ule nilimkumbuka bila chuki.

Nilikuwa na nia moja tu iliyoniweka mle ndani bila kuvunja mlango. Nilikuwa nimesikia, tangu zamani, kwamba mtoto akishapata akili, mzazi wake akamtaka, mtoto huulizwa mwenyewe anataka kukaa na nani. Binti yangu alikuwa amefika miaka minane. Mume, ambaye neno lake ndilo lililomtoa, alikuwa amekufa. Nikitoka edani nitakwenda Kisauni, nitamwuliza mtoto, nitarudi naye. Nilijipangia hata atakapolala. Nilisogeza kitanda kidogo kikae penye upepo, nikakirudisha, nikakisogeza tena.

Na kila nilipofikiri hivyo, ile radhi ya mlangoni ilinijia. Maana nitakwenda kudai nilichonyang'anywa, na huku nimesema mbele ya watu kwamba sina nongwa.

Ramadhani iliingia nikiwa edani. Alasiri moja somo alikuja, tukakaa uani kuchambua choroko za kufuturia. Alikuwa mwembamba, meno machache, na hakuna aliyejua umri wake, hata yeye.

"Somo," nikamwambia, "mtu akisema jambo kwa ulimi tu, lahesabiwa?"

"Jambo gani?"

"Lolote."

"Mimi nimefunga, mwanangu. Usinichoshe na mafumbo. Sema."

Nikasema. Aliweka ungo chini, akanitazama.

"Umemwia radhi mara tatu. Watu wazima wamesikia."

"Moyo haukusema."

"Kwani ami yake aliuuliza moyo? Alikuuliza wewe."

"Na Mungu je?"

"Mungu hakusinzia, alikuona. Sasa wataka nini? Niende makaburini nikamwambie marehemu airudishe?" Akachukua ungo wake. "Chambua choroko. Ukitoka edani moyo utakuwa umechoka wenyewe."

"Na usipochoka?"

"Basi una nguvu kuliko wangu. Mimi nimezika waume watatu. Wa kwanza nilimwia radhi kwelikweli. Wa pili nilimwia radhi kwa sababu ya mvua, watu walikuwa wanarowa. Wa tatu..." Akafikiri, choroko mkononi. "Wa tatu, wallahi, sikumbuki."

Akacheka, kisha akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga, akakumbuka kwamba nyumba ni ya msiba. Nilicheka nami. Lakini halikunitoka.

Kuna kitu sikumwambia somo. Jumatano, siku mbili kabla hajafa, nilikuwa nikimnywesha mume wangu uji. Alinishika kifundo cha mkono akasema, "Nataka nikwambie habari ya mtoto." Nikamwambia, "Lala, tutasema kesho." Watu wangesikia wangedhani ninamhurumia. Sikuwa ninamhurumia. Nilijua anataka kusema nini. Nilikuwa nimelingoja neno lile miaka mitano. Nikaona akilisema sasa atalitua, atapumua, na mimi nitabaki nalo peke yangu. Nilitaka alibebe siku moja zaidi. Kesho yake sauti ilikuwa imekwenda. Alinitazama tu, na mimi nikawa ninatengeneza mto.

Wifi alinizuru kila Jumapili ya pili, akija na mtoto. Ningependa angekuwa mtu mbaya. Alikuwa akiingia anavua buibui, anashika ufagio kabla ya kukaa. Aliniletea mkate wa kumimina, akanisugua mgongo, akanisomea barua za watu wa bara waliosikia msiba. Mtoto alikaa jamvini ananisomea sura alizohifadhi. Akikosea, wifi alimsahihisha kutoka jikoni bila kuja. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na sikuwa nimelisikia kosa. Mikono ya wifi ilipokuwa ikimsuka nywele niliitazama mikono ile mpaka nikaona aibu.

Siku moja mtoto aliniuliza, "Mama wa Likoni, mbona hutulii? Ninakusomea unainuka."

"Ninasikia, mwanangu. Soma."

"Mwalimu wetu angekupiga," akasema.

Idi mbili zote zilinikuta ndani. Masika yakaja, paa likavuja juu ya masufuria ya marehemu, yakalia kama ngoma ya watoto. Nilikuwa na kalenda ya ukutani yenye picha ya meli, nami niliweka alama kwa kalamu ya risasi. Kwa hesabu yangu nilikuwa nitoke tarehe 22 Juni. Tarehe 19, Jumapili, somo aliingia asubuhi na ndoo ya maji na kipande cha sabuni.

"Haya, njoo ukoge. Umetoka."

"Bado siku tatu, somo."

"Siku tatu za nani? Za Waingereza? Eda huhesabiwa kwa mwezi wa mbinguni, si kwa mwezi wa meli hiyo. Miezi minne umekaa nyumba hii, huna hata mtu wa kukwambia mwezi umeandama?"

Nilisimama na kalamu yangu mkononi. Miezi minne nilikuwa nimekimbiza siku, na zilipokwisha sikuwa tayari. Alinikogesha, akachukua zile nguo nyeupe ziwe zake kama ilivyo ada, akanifukiza udi, nikakohoa kwa kuwa nilikuwa nimeusahau moshi wake.

Jumanne nilivuka. Nilichukua kanga mbili mpya za kufungia nguo za mtoto. Kivukoni watu walinitazama, kisha wakanisalimu. Nilipanda basi, tukavuka daraja la kuelea la kwenda Kisauni, maji ya mkondo yakipita chini yetu, na muda wote nilikuwa nikiyapanga maneno yangu. Kisauni nilimkuta mume wa wifi dukani. Aliniamkia kwa heshima, akaniambia mtoto yuko chuoni hadi adhuhuri, na wifi yuko uani. Nadhani alijua nilichofuata, kwa sababu hakunifuata ndani.

Wifi alikuwa na makaa juu na chini ya mkate. Tuliulizana hali kwa urefu, kama watu wasiojuana. Nilikuwa nimepanga kuanza na mtoto. Mdomo ukaanza na jingine.

"Wifi, siku ile mlangoni nilisema uwongo. Sikumwia radhi ndugu yako."

Hakushtuka. Alinyoosha mkono wake wa kulia, akautazama. "Ulinishika ukaniingiza kucha. Alama zilikaa siku nne. Nikajiambia ni uchungu wa msiba."

"Ulikuwa uchungu."

"Miaka mitano nangoja uje unitukane, wifi. Kila Idi nilikuwa nikija kwako nimejiandaa. Wanipa halua."

"Sikujua tusi la kukutosha," nikasema, na ilikuwa kweli, na sote wawili tukacheka kidogo, bila furaha.

Kisha nikamwambia habari ya Jumatano. Nilimwambia yote, hata mto. Hapo hakucheka. Alipiga sakafu kwa kiganja.

"Ungemwacha aseme!"

"Ningemwacha."

"Ndugu yangu! Mgonjwa, anakuomba neno moja!"

"Ndiyo."

Sikujitetea, kwa kuwa hapakuwa na utetezi. Alilia na uso wake ukutani. Mimi sikulia. Mkate ukaanza kunuka kuungua, akainuka huku akilia, akapangua makaa, akautoa, akaukata sehemu iliyoungua na kuitupia kuku. Alipokwisha alinawa mikono, akaja akakaa karibu nami kuliko mwanzo.

"Umekuja kumchukua," akasema.

"Nimekuja kumwuliza."

"Kumwuliza ni haki yako. Lakini tumwulize tukiwa sote wawili hapa. Asiulizwe pembeni."

Mtoto aliingia na juzuu yake kifuani, amevua viatu, anaomba maji. Wifi alimpa maji, akangoja amalize, kisha akamwuliza mwenyewe. Mimi nisingeweza kuliuliza vizuri namna ile. Alimwambia kwamba mimi ndiye niliyemzaa, kwamba nimetoka edani, kwamba nyumba ya Likoni ni yake na hii ni yake, na hakuna atakayekasirika. Sauti yake ilikatika pale mwisho, maana alijua si kweli. Mmoja wetu atakasirika.

Mtoto alitazama kikombe.

"Nimefika Yasini," akasema. "Nikihama nitaanzishwa upya chuo kingine."

"Hatukuulizi chuo," wifi akamwambia. "Twakuuliza wewe."

"Hapa," akasema. Alikiambia kikombe. Halafu akaniangalia usoni haraka, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mtu. "Lakini Alhamisi na Ijumaa hakuna chuo. Naweza kulala Likoni."

Nilisema, "Vyema." Nilikula kipande cha mkate kwa sababu nilipewa. Niliondoka na kanga zangu mbili kama nilivyokuja nazo, na njia nzima nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia wifi, mwalimu wa chuo, Sura ya Yasini, Mungu anisamehe. Zaidi nilimkasirikia mume wangu, aliyekuwa amelala makaburini ametulia, hali mimi natembezwa na mambo yake juani. Nilipofika nyumbani nilikivuta kile kitanda kidogo mpaka uani, nikafunga mlango, nikaufungua, nikakirudisha.

Alhamisi wifi alimleta. Hakukaa. Alinikabidhi kifurushi cha nguo ya kubadili na chupa ya mafuta ya nazi, akanieleza upande wa kichwa anaoumia akichanwa, akarudi kivukoni.

Ijumaa asubuhi nilimpa mtoto uji. Akauonja, akasema wa Kisauni una iliki. Nikamwambia wa Likoni hauna. Akaunywa. Alizunguka nyumba, akahesabu masufuria, akaingia ndani ya lile kubwa akakaa humo. Kisha akaniuliza, "Makaburi ni yale ya nyuma ya msikiti?"

"Ndiyo."

"Naweza kwenda kumsomea Baba wa Likoni?"

Sisi wanawake hatukuwa na desturi ya kwenda makaburini. Mtoto aliweza. Nikamwelekeza, kaburi la tatu kutoka ukutani, lililopandwa mrehani. Nikakaa mlangoni na ungo wa mchele, nikichambua, nikiinuka kumchungulia, nikikaa. Hakuchelewa. Alirudi mbio.

"Nimemsomea Fatiha, na Kulhuwallahu mara tatu. Nikamwambia kwamba Mama anamsalimu. Kwako nikakwama. Hukunituma kitu."

"Sikukutuma."

"Nimwambie nini?"

Mchele ulikuwa na mawe mengi. Nilitoa moja, nikatoa jingine. Mtoto alisimama mbele yangu anapumua kwa nguvu, anangoja. Kama angeniuliza alivyoniuliza ami yake marehemu mlangoni, sijui ningemjibu nini. Lakini kumsalimu mtu niliyekaa naye miaka kumi na miwili, hilo niliona naliweza, na halikuwa uwongo.

"Mwambie namsalimu."

"Basi?"

"Namsalimu sana. Mwambie umekuja."

Aligeuka kukimbia. Nikamwita, kwa kuwa alikuwa peku na njia ile ina mbigili. Alirudi akavaa viatu, akaenda.